Mnaotaka kuwa walimu, chagueni darasa kabla ya chuo

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo, yakitoka, Lubumbashi inajaa poda nyeupe na filimbi, kuanzia komini ya Kenya hadi ya Ruashi. Furaha hiyo ni haki yenu. Lakini poda ikishaoshwa, makosa yale yale yanaanza upya. Mmoja anajiandikisha kwenye chuo ambacho hakuuliza kama kina kibali. Mwingine anapokea darasa la watoto 90 bila karatasi hata moja mkononi. Wa tatu anasema atafundisha kidogo tu huku akingoja kazi nyingine. Tuliozoea vyumba vya walimu tunayaona haya mwaka hadi mwaka na yanatuuma, kwa sababu maswali machache yakiulizwa mapema yangewaokoa wengi. Basi tuvumilieni, wadogo zetu, hata tukisema kwa ukali.

1. Darasa kwanza, chuo baadaye

Msianze kwa kuuliza minervali (ada ya masomo) iko nafuu wapi. Anzeni na watoto mnaotaka kusimama mbele yao.

Kwa shule ya msingi, karatasi inayotakiwa ni diploma ya serikali ya Humanités pédagogiques (sekondari ya juu, upande wa ualimu), ile D6. Mwenye diploma ya biochimie au ya commerciale anaweza kupata direkta (mkuu wa shule ya msingi) wa kumpokea, lakini kwenye listi ya malipo ataandikwa D6N, yaani hakusomea ualimu, na alama hiyo itamfuata kwenye mshahara na kwenye kila ukaguzi. Mzazi mwenye mtoto anayemaliza 8e (darasa la nane) na anayependa kufundisha aongee naye sasa, maana sekisio, yaani mchepuo wa masomo, inachaguliwa pale pale.

Kwa sekondari, njia iliyonyooka ni ISP, chuo cha juu cha ualimu. Huko somo na namna ya kulifundisha vinakwenda pamoja, na staji, yaani mazoezi ya kufundisha, iko ndani ya programu. Zamani graduat ya miaka 3 ilitoa G3 kwa madarasa ya chini, na miaka 2 ya licence iliyofuata ilikufungulia humanités. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 tuko kwenye mfumo mpya wa LMD: licence miaka 3, master miaka 2. Hapa wengi wanajikwaa. Licence ya leo ni ngazi ya miaka 3, ile ya zamani ilikuwa ya miaka 5. Usiende kwa prefe (mkuu wa sekondari) kudai masaa ya 4e humanités kwa sababu tu neno ni lile lile.

Njia ya tatu ni ya waliosoma kemia, hesabu au historia Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi). Wanalo somo, ila bado hawana ualimu. Wanachohitaji ni agrejasio: psikolojia, pedagojia, didaktiki ya jumla na ya somo lenyewe, sheria za shule, kisha staji. Usiiahirishe ukasema utaifanya ukishapata kazi. Ukishapewa masaa katika shule mbili za kartie tofauti, hutapata tena nafasi ya kukaa darasani kama mwanafunzi.

Kama kichwa chako kinakubali hesabu, chukua maths-physique. Prefe anamtafuta mwalimu huyo kabla ya wengine wote. Na kama chuo ni cha binafsi, kabla ya kulipa tranche (awamu) ya kwanza uliza mambo mawili: je, kina kibali cha wizara ya ESU (elimu ya juu), na je, diploma za waliotangulia zimeshapitishwa na wizara? Usiridhike na jibu la mtu wa maandikisho. Mtafute aliyemaliza pale miaka mitatu iliyopita, akuonyeshe yake.

2. Pesa

Bursari zipo, ila ni chache na kila moja ina mlango wake. Excellentia, ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, inawatafuta waliopata pointi za juu kabisa kwenye Exetat. BEBUC inawasaidia wanafunzi bora wa vyuo vikuu wanaoweza kuja kuwa maprofesa. ARES na VLIR-UOS za Ubelgiji zinakuja baadaye, kwenye master na zaidi. Kama hakuna hata moja inayokuhusu, hesabu mfuko wa nyumbani, na uhesabu wote: maandikisho, minervali, silabasi, enrolman (ada ya kuingia mtihani) ya kila sesheni, usafiri wa kila siku, vifaa vya staji, na uchapaji wa kazi ya mwisho. Wengi wanahesabu minervali peke yake, kisha wanakwama mwezi wa sita kwa pesa ya enrolman, na mwaka mzima unapotea.

Lipa kwa tranche, na kila bodero (risiti) ya benki itolee kopi mbili siku ile ile, maana wino wake unafutika. Ukiwa kwenye likelemba (mchango wa zamu), omba zamu yako iangukie mwezi wa tranche, si Desemba. Paroko au kordinasio (ofisi ya dini inayosimamia shule zake) ikiahidi kukulipia, pokea kwa shukrani, lakini omba iandikwe utatumikia miaka mingapi na kwa diploma gani. Kazi ndogo inayofaa zaidi ni kufundisha watoto majumbani jioni, kwa sababu inakulipa na inakuzoeza kueleza. Safari za biashara za Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zina faida, tunajua, ila zikigongana na wiki za staji, staji ndiyo itakayoanguka.

3. Staji na fishi

Msinakili fishi (maandalio ya somo) za mwaka jana. Ensepekta anazijua. Shida yenyewe inaanza kwenye mstari wa objektifu. Ukiandika "mwanafunzi ataelewa litre", hakuna anayeweza kupima kuelewa huko. Andika hivi: mwisho wa somo, akiwa na chupa ya litre 1 na kopo la desilita 1, mwanafunzi ataweza kuonyesha mbele ya wenzake kwamba litre 1 ina desilita 10. Hapo kuna kitendo, kuna vifaa, kuna kipimo.

Kisha vifaa viwe vya kweli. Stajieri analeta chupa ya maji ya litre 1.5 na kikombe cha chai alichokikuta nyumbani. Watoto wanamimina, wanahesabu vikombe saba, na ubaoni pameandikwa 10. Darasa linanyamaza, naye anaanza kulazimisha hesabu. Tayarisha usiku wa kuamkia somo: nunua famasi sirinji ya mililita 10, mimina mara 10 ndani ya kopo, chora mstari pale maji yalipofika, hiyo ni desilita yako. Mimina kopo hilo mara 10 ndani ya chupa, funga skochi kwenye mstari wa maji. Hiyo ni litre yako. Sasa mtoto yeyote akimimina mbele ya darasa, hesabu itatoka.

Ukumbusho wa somo lililopita uwe maswali matatu, usile nusu ya muda. Na katika 1ère na 2ème primaire unafundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo maswali yako yaandike kwa Kiswahili ndani ya fishi, usije ukatafsiri ukiwa umesimama.

4. "Anza tu, karatasi zitafuata"

Hapa tunaomba mkae. Hakuna sentensi iliyowaumiza walimu vijana wa jimbo hili kuliko hiyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Shule inakuwa na nafasi. Msimamizi wake, yaani kordinasio kwa shule za makanisa na za Waislamu, su-divizio (ofisi ya elimu ya serikali ya eneo) kwa shule za serikali zisizo za mapatano na dini, anakupa komisio, yaani barua ya kukupanga. Unafika shuleni, direkta au prefe anaandika kwamba umeanza kazi. Dosie (faili lako) inapelekwa Dinacope, ofisi ya malipo ya walimu, ile tuliyozoea kuiita Secope, ili upate matrikule (namba ya utumishi) na jina lako liingie kwenye listi ya malipo. Mpaka jina liingie, wewe ni NU (nouvelle unité), mwalimu asiyelipwa bado. Unafundisha, unasahihisha, unajaza rejista, na mwisho wa mwezi hupati kitu kutoka serikalini.

Zamani NU wa shule ya msingi aliishi kwa prime, yaani michango ya wazazi. Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali ni bure na prime hiyo imeondolewa. Elimu ya bure ni jambo jema, imewarudisha darasani watoto wengi waliokuwa wanazunguka sokoni. Ila ilijaza pia madarasa, na direkta mwenye 1ère primaire mbili zilizofurika anahitaji mtu leo asubuhi. Anakuona wewe. Mara nyingi hana nia mbaya, na anaamini kweli kwamba karatasi zitafuata.

Muulize maswali manne kabla ya kushika chaki. Shule imemekanizwa, yaani imeingizwa kwenye malipo ya serikali? Darasa hili lenyewe limemekanizwa, au lilifunguliwa juzi na halimo kwenye bajeti? Naingia mahali pa nani: amestaafu, amefariki, amehamishwa, au ameacha kazi? Na komisio yangu itasainiwa na nani? Swali la pili ndilo watu wanalolisahau. Unaweza kuwa na D6 safi na komisio safi, ukafundisha miaka darasa ambalo kwenye listi halipo, na hakuna njia ya kukulipa.

Ukijibiwa kwamba utafundisha kwa jina la mwalimu aliyeondoka, toka humo. Inavyokwenda ni hivi: jina lake bado liko kwenye listi, kadi ya benki iko kwa mtu mwingine, na wewe unakatiwa sehemu kila mwezi. Mwezi wa kwanza unashukuru. Mwezi wa nne sehemu inapungua, na huna wa kumlalamikia, kwa sababu hakuna maandishi. Kontroli ikifika, unaambiwa ukae nyumbani siku hiyo. Miaka inapita, wanafunzi wako wa kwanza wanafika humanités, na siku unapoomba matrikule yako unaulizwa ulianza kazi lini. Huna jibu linalothibitika. Ile miaka ilihesabiwa kwa jina lisilo lako, na udanganyifu ukigunduliwa, wewe ndiye uliyekutwa darasani. Vijana wenye kipaji cha kweli cha kufundisha wameiacha kazi hii kwa uchungu wa namna hiyo, na watoto waliowapenda wakabaki bila mwalimu.

Kama tayari wewe ni NU kwa jina lako mwenyewe, usikate tamaa, lakini fanya kazi ya karatasi. Kila Septemba omba cheti kipya kinachosema bado uko kazini, chenye tarehe, saini na muhuri. Hakikisha uko kwenye listi ya NU inayopelekwa na msimamizi, na uione kwa macho yako. Siku ya kontroli uwe darasani na asili za karatasi, usiwe na kopi tu. Na jiwekee mwisho: mwaka mmoja wa shule ukiisha bila dosie kusogea, tafuta masaa ya sekondari au shule ya binafsi yenye kibali. Huko nako uliza mshahara ni franka ngapi, unalipwa tarehe gani, na kama Julai na Agosti zimo.

5. Dosie na majina

Barua ya kuomba kazi, CV, kopi ya diploma iliyothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, cha uraia, cha afya, cha mwenendo mwema, picha za paspoti, kopi ya kadi ya mpiga kura. Tayarisha dosie tatu kwa mara moja, nyumbani ibaki moja.

Jina, postnom na prénom viwe vile vile na kwa mpangilio ule ule kwenye kila karatasi. Kwetu Katanga herufi moja inatosha kuzuia malipo: Ngoy kwenye diploma, Ngoie kwenye kadi, Mwamba huku, Muamba kule. Benki haitalipa mtu wa pili. Kulisahihisha kosa hilo diploma ikishachapishwa ni safari ndefu ya maofisi na pesa. Wakati mzuri wa kulikamata ni pale listi ya watahiniwa wa Exetat inapobandikwa shuleni kwenu. Nenda na cheti chako cha kuzaliwa, soma mstari wako herufi kwa herufi, na ukikuta kosa mwone prefe siku hiyo hiyo kabla listi haijaondoka.