Mwanangu, hiyo kazi ya kuandika maisha ya waandishi

Akinyi mwanangu,

Umeniuliza kama uache kufundisha sekondari uende Maseno ufanye PhD, uwe mtu wa kuandika maisha ya waandishi wetu na kuchambua vitabu vyao, na kama hiyo kazi inalisha. Kinacholisha ni mshahara wa ulekchara. Kitabu chenyewe usikitegemee kwa rent.

Mimi kinachonisumbua ni muda. Uchambuzi, wewe unaweza kukaa hapa kwetu Kondele na riwaya na kalamu ukaandika hata baada ya miaka 20, lakini maisha ya mtu yako kwa watu, na watu wanaondoka. Grace Ogot, yule mwandishi, alituacha 2015, mume wake Bethwell, yule profesa wa historia, akafuata 2025. Afadhali wote wawili waliandika habari zao wenyewe, ila mtu akijiandika anachagua ya kusema, sasa yale mengine atasimulia nani? Margaret Ogola naye, mwandishi na daktari wa watoto, alienda 2011 hata miaka 60 hajafika, na wenye walifanya kazi na yeye wengine wameshastaafu. Hao ndio wa kuanza nao.

Nilisoma habari za Richard Ellmann wa Marekani, aliyekuwa akiandika maisha ya waandishi, nijue unaingia wapi. Maisha ya James Joyce, mwandishi wa Ireland, aliyatoa 1959, ungedhani amemaliza, akayarudia akayatoa upya 1982, na kitabu chake cha Oscar Wilde, mwandishi mwingine wa huko, kikatoka 1987, mwaka huohuo aliofariki. Lakini kilichonigusa ni vile alianza: alienda Dublin kwa mjane wa mshairi Yeats na mama wa watu akamfungulia makaratasi ya marehemu. Huyo mama hakulazimishwa, alimwamini tu. Kwa hivyo ukienda kwa familia ya mtu, kaa, kunywa chai, usitoe simu ya kurekodi siku ya kwanza, na wakikuambia jambo fulani lisiandikwe sikiliza sababu kabla hujaamua. Ila pia usituandikie sifa tupu kama za matangani, tafadhali, hizo tunazo za kutosha.

Jibu langu ni enda. Usiandike barua ya kuacha kazi kwanza, uliza TSC, tume ya kuajiri walimu, mambo ya likizo ya masomo, na usingoje proposal ipite ndio uanze kuongea na wazee. Shule zikifunga Agosti kuja, kuna mwalimu mmoja mstaafu Asembo anajua familia nyingi za huko, nishampigia, amesema tukuje tu.

Mama yako