Re: Moduli sahili mara moduli sahili
Mkuu, umeuliza: V na W zikiwa moduli sahili (nafasi za vekta ambazo kundi linatenda juu yake, zisizo na nafasi ndogo ndani inayohifadhiwa na kundi ila sifuri na yote), je, zao lao la tensa V⊗W (nafasi inayojengwa kwa kuzidisha vekta za V kwa za W) nalo ni sahili? Inategemea nani anatenda. Kundi G×H, G ikitenda juu ya V na H juu ya W, makundi yenye ukomo juu ya namba changamano ℂ: ndiyo, daima. (Juu ya namba halisi ℝ usithubutu; ℂ⊗ℂ juu ya ℝ hupasuka kuwa ℂ×ℂ.) G ileile ikitenda pande zote ndipo mambo huharibika. Chukua S₃ (kundi la mipangilio 6 ya vitu vitatu), moduli yake sahili ya vipimo 2, karakta (jumla ya ulalo wa matriki ya kila tendo) 2, 0, −1 kwa kutogusa kitu, kubadilishana viwili, na kuzungusha vitatu. Izidishe kwa yenyewe: 4, 0, 1. Hapo zimo tatu: ya utambulisho (kila tendo ni 1), ya alama (kubadilishana viwili ni −1, mengine 1), na yenyewe tena. Foleni ya Ubungo inatosha kuhakiki.