Royal Saloon au Athlete? Fundi umeme wa magari wa Nyakato, Mwanza, anajibu

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya biashara ya dagaa na kayabo hapa Mwaloni, Kirumba. Nimejichanga miaka sita, sasa nataka Toyota Crown ya mwaka 2013. Wakala amenitumia picha za magari matatu: Royal Saloon, Athlete S, na Athlete G yenye viti vya ngozi. Yote ni ya 2.5, yote meupe. Kutoka la kwanza hadi la tatu bei inaruka karibu milioni nne. Mwanangu anasema nikileta Royal nyumbani hapandi, eti ni gari la wazee. Naishi Isamilo, na kila wiki mbili naenda Bunda na Musoma kuonana na wateja. Nichukue lipi?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo kijana, maana ndiye anayekuvurugia hesabu. Ni kweli Royal ni gari la wazee, na mimi ni mzee. Nimelala chali chini ya dashibodi za Crown, tochi mdomoni, tangu watu wa mji huu walipoanza kuzileta. Kwa hiyo mwenzio nikisikia "toleo la juu" sifikirii herufi za nyuma ya buti. Nafikiria mota, swichi na waya ambazo siku moja zitaletwa Nyakato zikiwa zimekufa.

Hiyo Crown unayoitaka, kizazi kilichotoka Japani mwisho wa 2012, ina koo mbili. Ukoo wa Royal una Royal tupu, Royal Saloon na Royal Saloon G. Ukoo wa Athlete una Athlete tupu, S na G. Fungua boneti za hayo matatu uliyotumiwa, kama kweli ni V6 (silinda sita) za petroli, utakuta kitu kimoja: injini ya 4GR-FSE ya cc 2,499 na giaboksi ya gia sita. Mlima wa Bugando yanaupanda sawasawa. Hata TRA, ushuru wa bidhaa wanautoza kwa ukubwa wa injini, na ukishavuka cc 2,000 ni asilimia 10, iwe S iwe G. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya 18, na nyongeza ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka minane. Basi ile milioni nne hainunui nguvu. Inanunua viti, rimu na sura.

Rimu ndizo zinazoniogopesha kwa mtu wa Isamilo. Royal Saloon ya kawaida inavaa tairi la 215/60 la inchi 16. Athlete S inavaa 225/45 la inchi 18. Piga hesabu: ubavu wa tairi la Royal, kutoka ukingo wa rimu hadi lami, ni karibu sentimita 13, wa Athlete ni 10 na kidogo. Hizo karibu sentimita tatu za mpira ndizo zinazobaki kati ya rimu na mawe ya njia ya kwako. Najua ninachosema. Mwaka 2017 nilijinunulia Mark X 250G, ile ya S Package, imelala chini, rimu za 18, ukingo wa bampa umechongoka kama mdomo wa sangara. Aliyeniuzia aliniambia ni "fulu opsheni", nikakenua. Wiki ya tatu nikauacha mdomo wa bampa kwenye jiwe, nikiwa natoka kumwona shemeji yangu Bugarika. Mwezi wa pili rimu ya mbele kushoto ikapinda, usukani ukawa unatetemeka kila nikifika themanini. Mke wangu alikuwa anashuka kabla ya tuta na kulivuka kwa miguu ili gari liwe jepesi. Watu wa mtaani walidhani tumegombana.

Na wewe matuta unayo ya kutosha, kuanzia Magu, Lamadi, hadi Musoma mjini.

Sasa viti, na hapa nitakusema kidogo. Viti vya Royal Saloon mara nyingi ni vya kitambaa, laini, vya rangi ya maziwa au kijivu. Kitambaa na dagaa havipatani. Nilishaletewa gari la mfanyabiashara mwenzako wa hapohapo Mwaloni, nikabadilishe swichi ya dirisha. Nilifanya kazi milango minne wazi, na paka watatu wamekaa nje wakinisubiri. Kwa upande huo ngozi ya Athlete G ina hoja, unaifuta kwa kitambaa chenye maji imeisha. Lakini harufu haikai kwenye viti tu. Inaingia kwenye kapeti, kwenye kitambaa cha dari, na kwenye chujio la hewa la kiyoyozi, lile lililo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Hewa ya buti haijatengana na ya abiria. Kinachonuka kwenye buti kinanuka kwa nyuma ya shingo yako. Ngozi haitakuokoa. Sampuli za wateja ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, magunia yapande Fuso, na hilo chujio libadilishwe kila unapomwaga oili. Ukishatamani ngozi, mafundi wa viti mjini watakushonea kava kwa sehemu ndogo sana ya hiyo milioni nne. Na kiti kikiwa cha umeme, mota yake ikifa kikiwa kimesogea mbele kabisa, utaendesha magoti yakiwa kidevuni hadi spea ifike kutoka Dar.

Skrini ya Kijapani usiiweke kwenye mizani, utaikuta kwa yote. Ramani ni ya Japani, na redio yao haifiki juu kwenye masafa ya stesheni zetu nyingi. Kifaa cha kubadilisha masafa kipo, ni kazi ya nusu saa.

Kitu ambacho hukuniambia, na ndicho ningekiuliza kabla ya S na G: karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari huko Japani. Mwambie wakala akutumie ya kila gari, si picha. Pale kuna alama ya gari zima na herufi ya ndani. Royal yenye 4.5 na ndani B ni mali kuliko Athlete G yenye R, kwa maana R ni gari lililogongwa likatengenezwa. Na usidanganyike na nembo, mtu anaweza kuibandika Athlete kwenye chochote. Tazama taa za nyuma: za Athlete ni za duara, za Royal zimelala mlalo. Namba ya chesisi haitakusaidia, koo zote mbili za V6 ya 2.5 zinaanza na GRS210. Ukiona AWS210 ujue hiyo ni haibridi, ya petroli na umeme, hiyo ni habari nyingine, niandikie kwanza.

Chukua Royal Saloon, alama isipungue 4. Kwenye ile milioni nne toa tairi mpya nne, plagi sita, na usafishaji wa masizi kwenye valvu za kuingiza hewa. Injini hii inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu hazioshwi na petroli, zinashika masizi, na gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama. Kinachobaki ongezea mtaji. Kijana akigoma kupanda, daladala za Kirumba zipo.

SWALI: Fundi, mimi niko Geita. Nimepata Mercedes C200 mbili za 2010, Elegance na Avantgarde, bei sawa. Ipi ni bora?
Msomaji, Geita

JIBU: Tofauti unayoiona kwanza ni nyota. Kwenye C-Class hiyo Elegance ina nyota ndogo iliyosimama juu ya boneti, Avantgarde ina nyota kubwa katikati ya grili. Ile ya boneti inaibika, nakwambia mapema. Mengine ni mbao za ndani, rimu na mapambo. Bei ikiwa sawa, nenda asubuhi kabla mwenye gari hajaliwasha, uliwashe mwenyewe. Injini za silinda nne za wakati ule zina ugonjwa wa mnyororo wa ndani ya injini kulegea, na baridi ya asubuhi ndiyo inayousema: kelele kama ya misumari kwenye kopo, sekunde chache kisha inapotea. Linalonyamaza ndilo lako, nyota iwe popote. Na ufungue sakafu ya buti uone kama kuna tairi la akiba. Nyingine zina pampu na chupa ya gundi tu, na njia ya Geita usiku si mahali pa kujifunzia gundi.

SWALI: Crown ya i-Four, inayovuta tairi zote nne, itanifaa kwa barabara za Ukerewe masika?
Msomaji, Nansio

JIBU: Hapana. Tairi nne zinavuta, lakini tumbo lake liko chini karibu kama la Crown zingine. Iliundwa kwa ajili ya theluji ya Japani.