Majani yakitobolewa, bustani imeanza kazi

Wengi wanaoniomba ushauri wa bustani ya nyuki na vipepeo huanza na swali lile lile: nipande maua gani? Nami huwauliza: uko tayari majani yako yaliwe? Wengine huishia hapo hapo. Lakini hapo ndipo penyewe. Kipepeo aliyekomaa hunywa mbochi wa maua ya kila namna, yawe ya asili au ya kuletwa. Kiwavi wake hana uhuru huo. Wadudu wengi walao majani hutegemea mmea mmoja, au mimea ya ukoo mmoja, ambayo sumu yake wameizoea kwa vizazi na vizazi. Viwavi wa kipepeo monarki wa Amerika Kaskazini, kwa mfano, hula mimea ya jamii ya Asclepias. Ikikosekana, hata ukipanda ekari nzima ya waridi hutapata monarki mpya hata mmoja.

Ndiyo maana nang'ang'ania mimea ya asili ya eneo lako. Uzalendo haumo hapa. Suala ni nani anaweza kula nini. Angalia lantana. Maua yake hujaa vipepeo mchana kutwa, na mwenye bustani huona ameshafanikiwa. Kumbe mmea huo umetoka nchi za joto za Amerika, na sehemu nyingi za Afrika, Asia na Australia umegeuka gugu vamizi linalosonga malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Vipepeo hunywa, kisha huenda kutaga kwingine. Bustani ya namna hiyo mimi naiita baa: wateja tele, hakuna anayelea mtoto pale.

Na ndege nao wamo kwenye mnyororo huu. Hata wale tunaowajua kwa kula mbegu, wengi hulisha makinda yao wadudu, hasa viwavi, kwa sababu ni laini na wana mafuta na protini nyingi. Marekani kuna kindege kiitwacho Carolina chickadee, chenye uzito wa gramu kumi hivi. Jozi moja hupeleka kiotani viwavi kati ya 6,000 na 9,000 ili kukuza makinda ya uzao mmoja. Mwaka 2018 Desirée Narango, Douglas Tallamy na Peter Marra walichapisha utafiti uliofanywa kwenye bustani za nyumbani eneo la Washington. Waliona kuwa ndege hao huzaa vya kutosha kuendeleza idadi yao pale tu mimea ya asili inapofikia angalau asilimia 70 ya wingi wote wa mimea. Kwingine huenda kiwango kikawa tofauti, lakini mimi naipenda hesabu hiyo kwa sababu haikuambii ung'oe kila kitu. Mawaridi ya mama mkwe yana nafasi yao.

Utajuaje kipi ni cha asili? Usitegemee kumbukumbu peke yake, maana kuna mimea iliyoletwa zamani kiasi kwamba kila mtu hudhani imekuwepo tangu enzi. Tembelea mahali ambapo jembe halijapita kwa miaka mingi: kingo za mto, makaburi ya zamani, miteremko ya mawe. Andika nini kinachanua na mwezi gani, piga picha jani, ua na tunda, kisha uulize jina la kisayansi kwenye bustani ya mimea au idara ya misitu iliyo karibu nawe. Jina la mtaani pekee litakupotosha, kwani jina moja huweza kubeba mimea mitatu tofauti. Usichimbe miche porini. Chukua mbegu chache, nyingi zibaki pale pale. Mbegu zenye ganda gumu, hasa za jamii ya mikunde, mara nyingi huhitaji kukwaruzwa au kumwagiwa maji ya moto na kulala humo usiku mmoja ndipo ziote.

Kama una nafasi ya mti mmoja, anza na mti. Mti mmoja ukichanua hutoa maua mengi kuliko tuta zima, na majani yake hulisha viwavi kwa muda mrefu. Chini yake panda vichaka na maua ya msimu kwa mafungu, usichanganye mche mmoja mmoja, kwa sababu nyuki akiwa safarini hupenda kushikilia aina moja ya ua. Panga pia kuwe na kitu kinachochanua kila kipindi cha mwaka. Maua yaliyokuzwa yawe na petali nyingi zilizosongamana yaache tu; mengi hayana chavua wala mbochi wa maana.

Tukisema nyuki, mawazo hukimbilia mzinga. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na walio wengi hawana malkia wala asali ya kurina. Kila jike hujitafutia tundu lake. Kuongeza mzinga hakuwasaidii hao, na maua yakiwa machache huenda ukawanyima chakula. Karibu asilimia 70 ya aina za nyuki hutaga ardhini. Basi acha kipande cha udongo mtupu kinachopata jua, usikilime wala usikitandazie majani makavu. Mimi ninacho kando ya njia. Msimu ukifika hujaa vitundu vya upana wa penseli, kila kimoja kimezungukwa na vumbi lililochimbwa, na wageni hudhani ni sisimizi. Jike wa aina hizi hachomi ovyo kwa kuwa hana kundi la kulinda.

Kuna mwingine ninayependa kumtazama, nyuki mkata majani. Jua likishapanda, hutua kwenye ukingo wa jani laini, hulibana kwa miguu, halafu taya zake hukata kwa mzunguko. Kipande kinapokaribia kuachia, mabawa tayari yanapiga, kwa hiyo jani likikatika yeye hadondoki nalo. Huruka amelikunja chini ya tumbo. Kipande hicho huwa ukuta wa chumba cha yai moja, ndani ya tundu la ubao au bua lenye uwazi, pamoja na donge la chavua la kumlisha mtoto. Kwa hiyo mabua makavu usiyafyeke yote, na ukiona majani yenye nusu duara safi pembeni, dawa ya nini?

Nimefika kwenye dawa, na hapa sina lugha laini. Huwezi kupanda chakula cha viwavi kisha ukapuliza sumu ya viwavi. Zilizo mbaya zaidi ni za kundi la neonikotinoidi, ambazo hufyonzwa na mmea na kufika hadi kwenye chavua na mbochi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati yake zisitumike mashambani. Ukinunua miche kitaluni, uliza imewekewa nini kabla hujalipa; mwenye kitalu akibabaika, nenda kwingine. Vidukari waachie nyigu na buibui, ingawa kwa wiki mbili tatu utaona kama umeshindwa.

Yaliyobaki ni madogo. Weka sahani pana ya maji yenye mawe ya kutua, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu mbu wasizaliane. Zima taa za nje usiku. Nondo nao ni wachavushaji.

Na swali la nyoka, maana lazima liulizwe. Nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Magogo na vichaka vizito viweke mbali na mlango, fyeka ukanda wa nyasi fupi kati yake na nyumba, na mabaki ya chakula yasilale nje.