Jibu: Picha ya babu na vijana wenye fulari – ni skauti au JMPR?

Ndugu, nimeitazama vizuri picha ya ujana wa babu yako uliyoweka hapa ukiuliza ni chama gani: vijana wa kaptura wamesimama kwenye ngazi za matofali, fulari nyeusi shingoni, wawili wana kofia pana. Wenzetu wamekuambia ni JMPR, tawi la vijana la MPR, chama cha rais Mobutu wa Kongo, kwa sababu ya zile fulari. Mimi sikubaliani nao. Familia nyingi za Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, huniletea albamu zao nizisafishe, na suala hili la sare linarudi kila mara.

Fulari peke yake haithibitishi kitu. Skauti walivaa, na vyama vingine vya vijana wa parokia vilivaa pia. Rangi nayo inadanganya. Filamu nyingi za zamani hazikuiona nyekundu: fulari nyekundu ilitoka nyeusi kabisa, na ya buluu ikatoka karibu nyeupe. Kwa hiyo hiyo "nyeusi" yako huenda haikuwa nyeusi. Tena kwa skauti kila kundi lilijichagulia rangi zake.

Anza na chuma, yaani bizimu na beji. Mama mmoja wa Katuba aliniletea picha ya marehemu kaka yake, nyumbani wote wakisema ni fanfari, bendi ya tarumbeta, ya shule. Niliiskani kwa alama 1200 kwa inchi, nikavuta sehemu ya kiuno. Bizimu ya mkanda ilikuwa ya duara, na ndani yake ua la petali tatu, ile ya katikati imesimama kama ncha ya mkuki. Hilo ni ua la skauti, hakuna mjadala. Wasichana wa Gidi, yaani skauti wa kike, wana jani la sehemu tatu. Kiro, vijana Wakatoliki waliotokana na Chiro ya Waflandria wa Ubelgiji, wana herufi X na P zilizopandana. JMPR utaona mkono ulioshika mwenge. Ukikuta misalaba mitatu midogo ya shaba, uko kwenye Katanga ya Tshombe, jimbo lililojitenga na Kongo kati ya Julai 1960 na Januari 1963.

Sasa tarehe, na hapa ndipo hoja ya JMPR inapoanguka. MPR ilizaliwa 1967, na tawi lake la vijana haliwezi kuitangulia. Umeandika kwamba babu alioa 1958, na kwenye picha ni kijana asiye na ndevu. Kuna mpaka mwingine wa kukumbuka: mwishoni mwa 1972 Mobutu alipiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa, JMPR ikabaki peke yake. Picha ya skauti wa parokia yenye tarehe ya 1975 ningeitilia shaka sana.

Geuza karatasi. Gevaert, kampuni ya Ubelgiji ya karatasi za picha, iliungana na Agfa mwaka 1964. Nyuma ukisoma "Agfa-Gevaert", karatasi ni ya baada ya hapo. "Gevaert" tupu inaelekea kuwa ya kabla, ingawa mpiga picha aliweza kumalizia akiba yake ya zamani. Jina "E'ville", yaani Elisabethville, lisikutoshe, maana mji uliitwa Lubumbashi tangu 1966 lakini wazee waliendelea kuandika la zamani. Kama maandishi ya penseli yamefifia, weka taa pembeni, chini kabisa karibu na karatasi, nayo mikwaruzo ya penseli itajitokeza.

Ukiwapelekea wazee picha, tafadhali usiwaulize "hawa ni skauti?" Watakuitikia kwa heshima tu. Waulize huyu wa kushoto ni nani, alisali parokia gani, padre wao alikuwa nani. Ukipata parokia, chama chenyewe kinafuata, na shangazi yako aliyebaki ndiye wa kumwahi kabla ya kazi yoyote ya kompyuta. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu albamu nyingi zinanifikia baada ya matanga, na hakuna tena wa kuzisoma.

Kwa maoni yangu picha yako ni ya skauti, miaka ya 1950. Kofia pana na umri wa babu vinaelekea huko. Kinachokosekana ni bizimu: yule wa pili kutoka kulia shati lake liko wazi, mkanda unaonekana. Skani sehemu hiyo tu, pamoja na upande wa nyuma, uziweke hapa.