Jibu: njia ya msituni iliyogeuka mtaro baada ya masika

Ndugu, umeuliza kwa nini kijia ambacho kikundi chenu kilichimba pembezoni mwa msitu wa Kakamega kilikuwa kizuri Machi, na kufikia Juni kimekuwa mtaro wa kufika magotini. Kwa maelezo yako, mlikipandisha moja kwa moja hadi kileleni. Maji hupenda mkato, nanyi mmeyachongea. Changarawe haitaokoa kitu hapo. Ihamisheni njia ikate kilima kwa ubavu.

Tengenezeni fremu ya A, yaani miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, ile ile ya kupimia fanya juu, matuta ya kuzuia mmomonyoko shambani: miguu iachane mita 2, kutoka kileleni ining'inie kamba yenye jiwe, na mti wa kukingama utiwe alama katikati. Mguu wa upande wa chini ufungieni kibao cha kimo cha sentimita 16. Kamba ikitulia kwenye alama ya kati, mteremko ni asilimia 8, na huo unatosha kwa udongo wetu mwekundu. Msivuke asilimia 10. Halafu mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe, la sivyo maji yataifuata njia badala ya kuivuka. Fungeni vitambaa vichakani njia nzima kabla jembe halijagusa ardhi.

Sasa kuchimba. Ondoeni majani na udongo mweusi mpaka mfikie mwekundu mgumu. Sakafu yote, upana wa mita 1, ikae ndani ya kilima. Wengi huchimba nusu na kujazia nusu. Ile ya kujazia hubomoka masika ya kwanza. Udongo uliotoka rusheni mbali upande wa chini, msiuache ukingoni. Ukuta wa juu ulazeni. Ukingo wa nje uwe chini ya ule wa ndani kwa sentimita 5. Mwageni kikombe cha maji katikati: yakivuka kwenda nje, sawa, yakitiririka kufuata njia, chongeni tena. Mzizi mnene wa mti hai msiukate, pindeni njia.

Kila mita 15 hadi 20, njia inayoshuka ipandisheni kidogo kwa mita 3 au 4, kisha ishuke tena. Hapo kwenye mbonyeo, mshuko unapokutana na mpando, maji hulazimika kutoka. Mimi nauamini mbonyeo huu kuliko gogo la kukinga maji, kwa sababu gogo huliwa na mchwa na nyuma yake hujaa tope.

Kazi ianze saa moja asubuhi, maana mvua ya Kakamega hupenda alasiri. Radi ikilia, wekeni vyuma chini na mshuke kutoka mgongo wa kilima. Kati ya mtu na mtu anayerusha sururu, mita 3. Jembe libebwe mkononi upande wa bonde, kamwe si begani. Kabla ya kusimama mahali, tazama chini: siafu hawabishi hodi. Kibali mnaombea Huduma ya Misitu, au Huduma ya Wanyamapori ikiwa ni upande wa kaskazini kwenye hifadhi ya taifa.

Miguu ya watu itabonyeza katikati na kuinua kituta ukingoni, hata njia ikichongwa vizuri namna gani. Kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza ikipungua, vaeni gambuti, mpite na majembe mawili. Kila palipotuama maji, kateni kituta hicho papo hapo, mdomo upana wa mita 1, yakiwa bado yanawaonyesha yanakotaka kwenda.