Baada ya mmoja kuthubutu: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi safari hii zinagusa jambo moja: kati ya mtu anayeinuka peke yake na watu waliojipanga, ni nani hasa anayeangusha dhuluma? Nimejibu chache. Waliouliza yanayofanana watajikuta humu.

Swali: Ndugu mwandishi, Rosa Parks alikuwa fundi cherehani aliyechoka na kazi, akakataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, na Marekani nzima ikatikisika. Hakuitisha mkutano wala hakuwa na katibu. Sasa ninyi mnaotuhimiza tujipange, mnatupotezea muda wa nini?

Jibu: Hakuwa na katibu kwa sababu katibu alikuwa yeye. Tangu 1943 Parks alikuwa katibu wa tawi la Montgomery, Alabama, la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Majira ya joto ya 1955 alihudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander, Tennessee. Hadithi ya mama mchovu inapendwa kwa kuwa haimdai msomaji chochote. Unasubiri tu siku utakayochoka.

Halafu angalia aliyemtangulia. Tarehe 2 Machi mwaka huohuo, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuinuka katika mji uleule, akakamatwa. Ujasiri wake haukupungua hata chembe, lakini mgomo haukutokea. Viongozi walimwona mtoto mno, wakasita. Sitawatetea kwa hilo.

Parks alikamatwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba. Usiku huo Jo Ann Robinson wa Baraza la Siasa la Wanawake alikwenda chuoni alikokuwa akifundisha. Yeye, mwenzake mmoja na wanafunzi wawili wakakesha kwenye mashine ya kurudufu, wakatoa makumi ya maelfu ya vipeperushi, wakapanga na njia za kuvisambaza. Wazo lenyewe halikuzaliwa usiku ule. Tangu Mei 1954 Baraza lilikuwa limemwandikia meya kumwonya kwamba watu wanaweza kususia mabasi. Jumatatu watu weusi hawakupanda, na hawakupanda kwa siku 381. Kazini walifikaje? Wengi kwa miguu, wengine kwa magari ya watu binafsi, yaliyofika kama 300, yenye vituo vya kuchukulia abiria na watu wa kupanga zamu. Kukataa kuinuka kulihitaji moyo. Siku 381 zilihitaji ratiba ya magari.

Swali: Kama mateso yote yanatoka kwa mtu mmoja aliyeko juu, si aondolewe huyo mmoja tukapumzika?

Jibu: Wapo waliolijaribu wazo hilo, tena kwa kujitolea roho zao. Tarehe 1 Machi 1881, kwa kalenda ya Urusi ya wakati huo, wanachama wa Narodnaya Volya, kundi la siri la wanamapinduzi, walimuua mfalme Alexander II kwa bomu huko St. Petersburg. Asubuhi ileile mfalme alikuwa ameridhia mpango mdogo wa kuwashirikisha wawakilishi katika kujadili sheria. Mwanawe Alexander III alipokalia kiti, mpango ukatupwa, wahusika watano wakanyongwa, polisi wakaongezewa meno. Umma uliotarajiwa kuinuka haukuinuka. Ungeinukaje? Hakuna aliyekuwa amezungumza nao vya kutosha.

Miaka sita baadaye vijana wengine walipanga kumuua huyo mwana, wakakamatwa kabla hawajamfikia. Mmoja wa walionyongwa alikuwa Aleksandr Ulyanov, kaka yake Lenin, aliyekuja kuongoza mapinduzi ya Urusi. Njama za namna hii huwageuza maelfu kuwa watazamaji: mtu anasoma habari, anashangilia au anaogopa, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Kiti kinabaki, na anakikalia mwingine.

Swali: Mbona Februari 1917 mfalme wa Urusi aliangushwa bila chama chochote kuamuru? Si ushahidi kwamba umma ukifika kikomo unatosha?

Jibu: Nusu ya hoja yako nakupa bila ubishi. Wabolsheviki, yaani watu wa chama cha Lenin, wa mtaa wa Vyborg huko Petrograd (ndiyo St. Petersburg) waliwaasa wanawake wa viwanda vya nguo wasigome siku ile ya wanawake, tarehe 23 Februari kwa kalenda ya zamani. Wanawake hawakusikia. Walitoka kudai mkate, wakaenda hadi viwanda vya wanaume, wakarusha mabonge ya theluji madirishani na kuwaita watoke. Siku chache baadaye askari waliasi, na utawala wa kifalme ukaporomoka. Chama kilichojiita mbele ya wafanyakazi kilikuwa nyuma yao, na anayeficha hilo anaandika tenzi za chama.

Nusu ya pili siitoi. Wafanyakazi wale walikuwa na kumbukumbu ya mapinduzi ya 1905 yaliyozimwa: walishagoma pamoja, walishachagua mabaraza yao, kwa hiyo Baraza la Petrograd liliundwa upesi. Na pamoja na hayo yote, serikali ilichukuliwa na nani? Na wanasiasa wa bunge waliokuwa tayari na kamati yao. Waliomwaga damu hawakukabidhiwa madaraka, na vita waliyoichukia ikaendelea.

Swali: Kikundi chetu kina kamati ya elimu, ya nidhamu na ya mipango. Tunakutana kila mwezi na hakuna kinachotendeka. Tukosoe.

Jibu: Vunjeni ya nidhamu. Hizo mbili ziende walipo watu wenye malalamiko, zikasikilize kwanza.

Swali: Kazini kwetu kuna uonevu, na anayeuona wazi ni mimi tu. Niseme, au ninyamaze hadi wengine waamke?

Jibu: Kwanza, una hakika ni wewe tu? Agosti 1980, huko Gdańsk, Poland, Anna Walentynowicz, mwendesha kreni wa kiwanda cha meli, alifukuzwa kazi ikiwa imebaki miezi mitano astaafu. Tarehe 14 wenzake waligoma wakitaka arudishwe. Lakini kundi la vyama huru vya wafanyakazi alilokuwamo lilikuwa likifanya kazi ya chinichini tangu 1978, na vipeperushi vya asubuhi ile viliandaliwa mapema.

Siku mbili baadaye uongozi wa kiwanda ulikubali madai ya wafanyakazi wake, wengi wakaanza kuondoka huku viwanda vingine vikiwa bado kwenye mgomo. Walentynowicz na wanawake wenzake wakakimbilia getini kuwazuia, wakiwasihi wasiwaache wale wengine. Waliobaki ndio waliounda kamati ya viwanda vyote, na mkataba wa tarehe 31 ukafungua njia ya Solidarność, chama huru cha wafanyakazi.

Kwa hiyo usinyamaze, ila usianzie kwa bosi. Anza na yule unayekula naye mchana, umuulize yeye anaumia wapi kabla hujamweleza yako. Mkipata wa tatu, andikeni madai kwenye karatasi moja, na barua ya kwanza isiende na jina lako peke yako.